Sote Tumekuja Juzi

Benchi letu la kahawa liko langoni mwa soko kuu la zamani, pale wauza ndoo wanapogombana na wabeba mizigo tangu asubuhi. Mimi ni fundi viatu. Profesa ni kinyozi, anajua kila kitu, pamoja na asichokijua. Redio anatengeneza redio, naye hazimi hata ukimtoa betri. Na Kufuli ni fundi funguo, mwenye kibanda cha mbele kabisa, kwenye njia wanayopita watalii, alichoachiwa na baba yake. Yaani alikuwa nacho mpaka leo asubuhi. Ofisi ya soko imebandika orodha: vibanda vya mbele ni vya wafanyabiashara wa kihistoria tu. Kufuli, mwenye miaka thelathini na moja humo, ahame kabla ya Ijumaa.

— Sababu wameandika? akauliza Profesa.

— Mgeni sokoni, Kufuli akajibu. Muda wa kukaa, mwaka mmoja.

— Si ndivyo ulivyojaza?

— Ndivyo ulivyoniambia nijaze.

Hapo hakuna uongo. Mwaka juzi walibomoa meza zote za zamani, eti zinashika moto upesi. Basi baadaye dada mmoja wa ofisi alipokuja na fomu, akiuliza umekaa hapa tangu lini, Profesa alipita kibanda kwa kibanda akinong'ona: semeni mmekuja juzi, cha mgeni hakibomolewi. Soko zima tukageuka wageni siku moja. Kila fomu ilitaka jirani ashuhudie, tukashuhudiana. Chini kabisa waliandika kwamba atakayebainika amedanganya, mwenyewe au shahidi wake, atanyang'anywa kibanda. Nani anasoma chini kabisa?

— Mimi nawajua hawa, akasema Redio. Kibanda anapewa mpwa wa bwana soko.

— Mpwa wake anauza simu.

— Atavalishwa nguo za kizamani, ashikishwe tupa ya kuchongea funguo, apigwe picha. Kazi si lazima aijue.

— Mpwa wa nini, akadakia Profesa. Wataweka sanamu yenye mota. Mkono unakwenda, unarudi, kama inachonga ufunguo.

— Na ikikwama?

— Wataita fundi.

— Fundi gani, na wamemfukuza?

— Mtaona, akasema Redio. Soko lote litafunikwa kioo, watu watuangalie tukigombana. Tukinyamaza, tunakatwa mshahara.

Tukacheka. Kufuli hakucheka. Alikuwa akigeuzageuza tupa ya baba yake, ile ambayo mpini wake umeliwa na vidole mpaka ukawa mwembamba katikati.

— Kakate rufaa, nikamwambia. Sema ukweli.

— Nimetoka huko sasa hivi. Nimesema mpaka koo limekauka. Neno langu peke yangu halitoshi, wanataka shahidi mmoja aliyenijua zamani.

Akanitazama, maana fomu yake niliishuhudia mimi. Nikanyoosha kikombe niongezewe. Muuza kahawa akainamisha birika, yakatoka mashapo.

Ndipo akafika mama mmoja mwenye kofia pana, mtalii kutoka mji mwingine, anatembezwa na yule yule dada wa ofisi, faili kwapani. Mama ameshika kijitabu kipya cha soko. Kwenye jalada kuna picha ya zamani: mzee anachonga ufunguo, na kando yake mtoto wa miaka saba hivi, pengo mdomoni, ameshika fungu la funguo. Kibanda ni kile kile cha mbele.

— Hamjambo, ndugu zangu. Picha hii imenigusa sana. Huyu mtoto bado yupo?

Profesa akaanza kufuta wembe uliokwisha kufutwa. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza. Mimi nilimjua Kufuli na pengo lake hilo, tulikuwa tukiibiana karanga chini ya meza ya baba yake. Lakini kibanda changu kinalisha watoto wanne, na sahihi kwenye ile fomu ni yangu. Kufuli alikuwa ananisubiri. Nikafungua mdomo.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

Kufuli akaitia tupa mfukoni, akatazama chini.

— Twende tu, mama, yule dada akasema kwa upole. Hawa hawawezi kujua. Wote wamekuja juzi.