Siku ya Arubaini na Moja

Nisikilizeni, wanangu, na asiyeweza kusikiliza bila kutikisa kichwa atoke nje akakae na kuku, maana vichwa vya kutikisika ndivyo vilivyotufikisha hapa. Ishaka, kaa. Kofia ivae au iweke chini, usiishike mkononi kama mtu mwenye safari. Dhahabu, niinulie mto. Faki, wewe simama hapo mlangoni niione mikono yako. Nyamvula, mke wa jirani yetu Kitsao, nimemwita mimi, kwa hiyo msimtazame hivyo. Ana daftari na penseli, naye ataandika kila neno nitakalosema, ili baada ya kunizika asitokee mmoja wenu akasema mama alisema hivi na mwingine akasema vile. Leo ni Jumatano. Jumamosi mnaitwa mbele ya mudiri wa serikali, akate shauri la shamba, na kwa jinsi kifua hiki kinavyonibana, sidhani Jumamosi itanikuta.

Mali sitaigawa, maana sheria imeshaigawa kabla sijazaliwa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, na anayetaka kuipinda atajibu mwenyewe kwa Mola wake. Minazi mia moja na arubaini, mikorosho kumi na mmoja, kisima, nyumba hii na makaburi saba. Hayo ndiyo aliyoyaacha babu yangu Mwinyihaji hapa Timbwani, yakaja kwa baba, yakanifikia mimi Mwanatatu. Ninachowagawia leo ni kauli, nani atasema Jumamosi na atasema nini, kwa sababu mkikosea kauli hamna cha kugawana. Mtafunga mikeka yenu na kutafuta vyumba vya kupanga Changamwe.

Nina hasira, wanangu. Nimejaribu kuitema kwa sala na imerudi. Na hasira yangu ya kwanza si kwa Mwalimu Bwanakombo, aliyeandika. Ni kwa nyinyi mliosoma.

Mwezi wa Rajabu gazeti lilileta makala yake, kichwa chake "Ukarimu wa Watu wa Timbwani". Ishaka, ulikuja mbio kutoka kivukoni, shati limekulowa mgongoni, unasema, "Mama, babu ameandikwa gazetini," na nakala sita kwapani. Moja ukaibandika ukutani chini ya saa. Ukaalika watu thelathini, ukapikisha halua, ukamwalika na Bwanakombo mwenyewe ukamkalisha kwenye busati ambalo hata mkweo hajalikalia. Kisha ukasimama ukasoma kwa ile sauti yako ya maulidi, unaipandisha, unaishusha, unaivuta mpaka watu wafumbe macho. Na kwetu msomaji haachwi peke yake. Akishusha sauti, wasikilizaji huitikia naam, ajue kwamba hawajalala. Ni adabu tuliyozaliwa nayo, tunampa msoma barua, tunampa msoma qasida, na siku ile tukampa Bwanakombo.

"Mwinyihaji alifika hana jembe wala mkeka." Naam. "Mzee Shee akampokea." Naam. "Akapewa pa kulala yeye na mwanawe, akalishwa, akanyweshwa." Naam. "Na mpaka leo kizazi chake kinakula katika kivuli cha ukarimu ule." Naam, naam, na Faki akapangusa machozi kwa kanzu, kwa vile jina la babu wa mama yake limetajwa na watu wa ng'ambo watalisoma.

Mwezi uliofuata Bwanakombo akaandika tena, mistari michache tu, kwamba kizazi cha Mwinyihaji kimesomewa habari ya ugeni wake mbele ya watu thelathini, na wote wameitikia naam, hakuna aliyepinga. Haukupita mwezi mwingine, ukaja wito wa mudiri: jamaa wa Mzee Shee wanalidai shamba lao kutoka kwa wageni wao. Na Bwanakombo ni nani? Kitukuu cha Mzee Shee. Ishaka, ulijua. Sote tulijua. Hakuna aliyejiuliza mtu huyu anapata nini kwa kumsifu babu yake kwa ukarimu na babu yetu kwa kupokewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichotula sisi ni fahari.

Mimi herufi za Kizungu sizijui. Nasoma hizi zetu za Kiarabu, alizonifunza babu kwa kaa la moto lililozimika, juu ya ubao wa mlango. Wito ulipofika nikamwita Nyamvula, aliyesomea misheni, anayesoma kama mtu ahesabuye nazi, hana sauti ya kupanda wala kushuka. Nikamwambia, soma, na nikisema simama, simama.

"Simama. Hapo Mwinyihaji ametenda kitu, au katendewa?"

"Katendewa, bibi. Kapokewa."

"Endelea. Na hapo?"

"Katendewa. Kalishwa."

"Na mbele huko?"

Akaipitia karatasi yote kwa ncha ya penseli, mstari baada ya mstari, kisha akacheka kwa kuona haya. "Bibi, huyu mzee wenu kafika tu mwenyewe. Mengine yote kafanyiwa. Hata mtoto wa kunyonya anahangaika kuliko yeye."

Msicheke. Siku ile mimi sikucheka. Nikamwuliza, kisima kimeandikwa wapi? Hakimo. Makaburi? Hayamo. Mtu aliyechimba pima tisa za mwamba kwa miezi mitano, akapoteza kidole, maji yake wanayanywa mpaka hao jamaa wa Mzee Shee, Bwanakombo kamruka kama mtu arukavyo uchafu njiani, tena kwa kuinua kanzu taratibu. Na kwa nini aruke? Kwa sababu mgeni hachimbi kisima. Mgeni hazikwi mahali na mkewe, na mwanawe, na wajukuu. Angeviandika hivyo viwili, makala yake yote ingebomoka mkononi mwake. Nikajua ndipo hapo kwamba haikuwa makala ya ukarimu. Ukarimu ulikuwa nguo tu aliyoivisha, na ndani yake kulikuwa na ardhi.

Sasa sikia, Faki. Umekuwa ukisema sokoni kwamba utamvunja meno. Ukimpiga utakuwa umemwandikia makala ya tatu. Na wewe Ishaka, nimesikia mpango wako wa kusimama mbele ya mudiri useme ni uongo mtupu, njia ya mwongo ni fupi, na maneno mengine ya barazani. Utashindwa kabla hujakaa. Uongo uko wapi? Mimi nimeutafuta wiki tatu, nimemchosha mwanamke huyu kwa kusoma, sikuupata. Babu alifika kweli hana jembe. Mzee Shee alimpokea kweli, akamlisha, akamlaza, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema kuliko damu yake iliyobaki. Kila neno Bwanakombo atalileta na shahidi wake. Hilo ndilo linaloniunguza, kwamba mtu anaweza kuwanyang'anya nyumba bila kusema uongo hata mmoja, na nyinyi mmekalia kutafuta uongo kama watu watafutao sindano, wakati nguo yenyewe imeshakatwa.

Tazameni alipokata. Babu alikaa kwa Mzee Shee siku arubaini. Habari zake katika makala zinakwisha siku ya arubaini, kisha zinaruka mpaka leo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hata methali yetu inajua kwamba ugeni una mwisho, ila Bwanakombo, mwalimu wa watoto, hajui. Siku ya arubaini na moja asubuhi Mzee Shee alimpa babu jembe mkononi, akatoka naye, wakatembea mpaka kwenye mti wa mvumo ulioinama, akamwambia, "Mpaka wangu unakwisha hapa. Kutoka huu mvumo hadi kule majini ni msitu, hakuna mkono uliopita. Ukiweza kuufyeka ni wako, mimi sina cha kukupa wala cha kukunyima." Babu alinisimulia hayo nikiwa na miaka saba, akanisimulia nikiwa na kumi, hakuongeza wala hakupunguza.

Mtasema, mama, hayo ni maneno yetu, nani atayashuhudia? Nami nawauliza, mmehesabu majina katika ile makala? Nyamvula kahesabu. Kumi na saba, na wote ni marehemu. Mtu anayeandika habari za ukoo wake, akataja wafu kumi na saba na asitaje mzima hata mmoja, anamficha nani?

Anamficha Mwanarusi. Binti wa Mzee Shee mwenyewe, yuko Mtongwe, macho yamekwisha lakini kichwa hakijambo. Asubuhi ile alikuwa mtoto wa miaka sita, na ndiye aliyebeba kibuyu cha maji nyuma yao mpaka kwenye mvumo. Alinieleza mwenyewe, zamani, tulipokuwa tukisukana nywele. Na sasa mnajiuliza mbona sikumtaja wiki zote hizi. Ni kwa sababu kwenye arusi ya Dhahabu alisema mbele ya wanawake kwamba wali wangu ni mbichi, nikamwambia atoke na asirudi, na kweli hakurudi, miaka ishirini na miwili. Nimeona ni heri kufa na mdomo wangu kuliko kumwendea. Nilipoteza wiki tatu kwa ajili ya sufuria ya wali. Kwa hiyo nikisema nina hasira, msidhani nimejisahau.

Na liko kubwa zaidi. Niinue kidogo, Dhahabu. Hivyo.

Siku ile ya halua, Ishaka akiwa katikati ya kusoma, wewe Dhahabu ulinifuata jikoni ukaninong'oneza, "Mama, mbona kisima hakikutajwa?" Nikakwambia nyamaza, kahawa inachemka. Ulisikia vizuri, mwanangu. Katika nyumba nzima iliyojaa wanaume wa kofia, wewe peke yako ulisikiliza lisilosemwa, na mimi, niliyefunzwa kusoma na yule aliyechimba kisima chenyewe, nikakunyamazisha, nikachukua sinia, nikasimama nyuma ya pazia, nikaitikia naam na wengine. Kwa sauti. Bwanakombo aliisikia.

Andika hili, Nyamvula, liandike peke yake. Mimi Mwanatatu niliitikia naam katika nyumba yangu mwezi wa Rajabu, na naam ile ilikuwa ya adabu kwa msomaji, haikuwa ya kukubali maneno yake, na mbele yenu wanne naikana. Nipe nitie kidole gumba.

Basi. Jumamosi atasema Dhahabu. Usigune, Ishaka, sauti yako ni nzuri, ndiyo iliyotuponza. Utamsindikiza dada yako, utamshikia mwavuli, utanyamaza. Dhahabu, usimtukane Bwanakombo wala usimwite mwongo. Mwambie mudiri, yote aliyoandika ni kweli mpaka siku ya arubaini. Kisha mwulize Bwanakombo, mbele ya watu, siku ya arubaini na moja kulitokea nini, na unyamaze, umwache ajibu. Akisema hajui, ndipo Mwanarusi aingizwe.

Faki, hiyo mikono nimeipatia kazi. Ondoka sasa hivi, kabla ya adhuhuri, uende Mtongwe. Mwamkie shikamoo kutoka nje, usiingie mpaka aseme karibu. Mwambie Mwanatatu anasema wali ulikuwa mbichi. Sema hivyo hivyo. Akikubali kuja, mbebe mgongoni akitaka, mpaka hapa, mpaka kwa mudiri. Akikataa, omba msamaha urudi, maana ana haki.

Nizikeni karibu na kisima, upande wa... upande wa baba. Msinijengee. Ile karatasi ya ukutani msiichane. Mfunzeni nayo kila mtoto atakayezaliwa humu, asome mara ya kwanza, mara ya pili awaulize mwandishi kaacha nini. Ishaka, sanduku langu la vitabu ni lako. Nakupa kwa sababu nakupenda na kwa sababu hujui kusoma bado.

Njooni karibu. Mkono... wekeni vichwa hapa, wote. Mwenyezi Mungu asiwatoe katika ardhi hii ila kwa miguu yenu wenyewe. Awape masikio ya dada yenu. Awape... maji, siku zote maji. Awasamehe, anisamehe mimi kwanza.

Pumzi inakatika. Nyamvula, nisomee uliyoandika, polepole, tangu mwanzo. Nataka kuyasikia. Na nikinyamaza, wanangu... msidhani nimekubali.