Dua ya Watu wa Pagadian

Mwaka ule wa sabini na sita mtaa wetu wa Ngokolo ulikuwa bado na utulivu wake. Malori ya pamba yalipita taratibu, na redio zilikuwa chache kiasi kwamba mwenye nayo hakosi jamaa. Muhidini muuza kahawa alikuwa nayo moja ya betri, akaiweka kwenye benchi katikati ya wateja wake wa kila alasiri. Palikuwa na mwalimu Stanslaus, waliyemwita Profesa. Palikuwa na Pantaleo, mchimba dhahabu wa Geita aliyekuja mjini kutibiwa mguu, nao wakampa jina la Duara kwa kulisifu mno shimo lake, ambalo wachimbaji huliita duara. Maige mfugaji alibaki Maige tu. Na mzee Akida, fundi cherehani, aliitwa Baharia, maana ujanani alipika kwenye meli za mizigo kabla treni haijamleta huku. Siku moja ya Agosti redio ilisema bahari imepanda nchi kavu huko Ufilipino watu wakiwa wamelala, na maelfu wamekufa.

— Maelfu, — Maige akarudia. — Kwa maji tu?

— Ardhi ilitetemeka chini ya bahari, — alisema Profesa. — Sakafu ya bahari ikijiinua au ikididimia ghafla, inayasukuma maji yote yaliyo juu yake. Kwenye kina kirefu wimbi ni la chini, mwenye meli hashtuki, ila linakimbia kama ndege. Likifika kwenye maji mafupi, mbele linapunguza mwendo, nyuma bado linakuja. Ndipo linapoinuka.

— Profesa, usitufunge kamba, — alisema Duara. — Wale wamechimba. Wamefuata dhahabu mpaka chini ya bahari, hawakuweka magogo, duara likaanguka. Kwetu ukuta ukianguka, maji yaliyo ndani yanaruka mpaka juu.

— Bahari nzima? — aliuliza Profesa.

— Duara kubwa.

— Hakuna duara, — Muhidini akadakia, akimimina. — Ni wakubwa wanajaribu mabomu yao.

— Nyie nyote hamjui, — alisema Maige. — Babu alituambia ziwa lina mwenyewe, amelala chini kule. Na bahari ina wake. Amechoka ubavu mmoja, kajigeuza.

— Na huyu wa kwetu akijigeuza? — aliuliza Muhidini.

— Maji yatafika hata Kharumwa, nchi kavu kabisa.

— Nina shangazi Kharumwa, — alisema Duara, na benchi zima likacheka.

Akida hakucheka. Kikombe kilikuwa mkononi, kahawa imepoa.

— Muhidini, walitaja mji gani?

— Walitaja mingi. Mmoja Pagadian, sijui.

Akida akaweka kikombe chini.

— Nimewahi kukaa Pagadian, — alisema.

Hadithi zake za meli walizijua zote. Hii hawakuwahi kuisikia, hata Zuwena mkewe hakuwahi. Meli ilikwenda kupakia mbata, nazi zilizokaushwa, naye akashikwa na homa kali, nahodha akamwacha pwani. Akaokotwa na mvuvi mmoja, Hadji Salip, akapelekwa kwenye nyumba yao ya nguzo juu ya maji. Alipofumbua macho aliona bahari inameta kwenye nyufa za sakafu, chini yake kabisa, akadhani amekufa.

— Lugha yao? — aliuliza Profesa.

— Hata neno. Tulielewana kwenye swala. Mengine kwa vidole. Mkewe, Bi Sitti, alikuwa akiniosha uso kila alfajiri, na binti yao mdogo akiniimbia. Usiku maji yanapiga nguzo, nyumba inayumba kidogo, unalala kama uko mgongoni kwa mama yako. Sijapata kulala vile tena.

Akatazama chini, kwenye miguu ya benchi.

— Nyumba zote zilikuwa hivyo. Mamia. Nguzo za mti tu.

Hakuna aliyetaja tena duara wala mabomu. Maige alivua kofia.

— Baharia, hao ni ndugu zako, — alisema. — Kwetu mtu akifiwa hakai peke yake. Nitaleta mbuzi.

— Na mimi mchele, — alisema Muhidini. — Ijumaa, hapa hapa kwangu. Tumwite sheikh.

Duara, Mkristo, alisema hata yeye atakuja, kama haina ubaya. Akaambiwa haina. Muhidini akamwita mpwa wake Mwamvua, aliyeshuka siku ile kwenye basi la kutoka Ushetu kuja kumsaidia jikoni. Binti akatoka akifuta mikono.

— Shikamooni.

— Marahaba. Ijumaa utatupikia, mwanangu. Kuna dua ya watu wa Mzee Akida. Na ukamwite sheikh.

— Sawa, mjomba. Nimwambie sheikh ni hitima ya marehemu, au ni ya kuombea wazima?

Muhidini akamtazama Akida. Profesa akatazama redio, ambayo ilikuwa imeshahamia kwenye muziki.

— Bi Sitti, — Akida alianza, — ni mwanamke mpole sana. Alikuwa… — Akajaribu tena: — Ana sauti… — Akakichukua kikombe chake.

Muhidini akainua dele ili amwongezee mzee kahawa, akaliinamisha mpaka mwisho, yakatoka machicha tu.