Nyuzi Hamsini na Tano za Fundi Ponsian

Wapendwa waombolezaji, poleni kwa msiba na poleni kwa kupanda mawe ya mlima wetu wa Ilemela kwenye jua hili, anayewasomea ni Jovinary, mpwa wa marehemu, aliyeshonewa naye kaptula zote za shule, na kwa kuwa marehemu alikataza historia ya kuliza watu, mkicheka hamtakuwa mmekosa adabu.

Marehemu Ponsian Kashaija alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 Kamachumu, wilayani Muleba, katika familia ya wakulima wa kahawa na migomba, akabatizwa wiki mbili baadaye, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1957 hadi 1964, akajifunza ushonaji misheni, na Juni 1969 akapanda meli kuja Mwanza na mkasi mmoja ambao hakumwazima mtu maishani mwake, hata mkewe.

Januari 1970 aliweka cherehani barazani kwenye duka la vitambaa la mzee Chandulal, mjini kati, akashona hapo miaka arobaini na sita, sare za shule, kanzu za mapadri na suti za maharusi, na ukimletea kitambaa pungufu alikuuliza kama suruali ni yako au ya mdogo wako. Jumapili alikuwa katekista Kirumba, kazi aliyoifanya hadi 2018.

Tarehe 8 Januari 1977 alifunga ndoa na Felicitas, wakajaliwa mabinti wawili, Hellen na Prudencia, na wajukuu watano. Felicitas alitutoka tarehe 19 Mei 2014, na siku ya mazishi Prudencia, aliyekuwa ameomba sana mama yake apone, aliikata rozari ya baba yake mbele ya watu, punje zikatapakaa sakafuni, na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Baba yake aliziokota akiwa amepiga magoti, wala hakumgombeza.

Mwaka 2023 aligundulika na ugonjwa wa moyo, Prudencia akamhamishia kwake, akamuuguza kwa upendo, isipokuwa kila sala za jioni zilipoanza alikumbuka kuwa kuna vyombo vya kuosha. Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, mzee alifariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Prudencia.

Kesho yake parokia ilihitaji cheti cha ubatizo, Prudencia akafungua bati la biskuti la baba yake, akakipata, na chini yake akakuta nyuzi hamsini na nne, nyekundu na njano, zenye vishada na shanga, kila mmoja na kikaratasi chake cha mwaka. Hapo alikosea kama ambavyo wengi wetu tungekosea, alijua moja kwa moja ni hirizi, kwamba katekista wa miaka yote hiyo alikuwa na mganga wake, na kwa mtu aliyedai hana imani jambo hilo lilimuuma ajabu. Alikuwa akizipeleka jikoni kuzichoma, zisije zikamnyima baba yake misa ya mazishi, alipokutana mlangoni na Mama Shanta, binti wa mzee Chandulal, aliyezitambua hata kabla ya kuvaa miwani.

Mama Shanta alieleza kwamba kwao Wahindu, kila Agosti, dada humfunga kaka uzi mkononi, naye kaka huahidi kumlinda, na kwa kuwa yeye hakuzaliwa na kaka, mwaka 1971 alimfunga fundi wa barazani, na hakuruka mwaka mpaka Agosti iliyopita, ila fundi aliuvua kila alipotaka kurudi nyumbani, akiogopa maneno ya jumuiya, jambo ambalo mama huyu alikiri lilimkera kwa miaka hamsini na nne. Kisha akazihesabu, akasema umepungua mmoja, akaomba aletewe rozari.

Rozari ilikuwa bado kwenye mfuko wa vitu vilivyotoka hospitalini. Punje ni zilezile, moja tu iliyopotea imewekewa kifungo cha shati, na zote zimetungwa kwenye uzi wa mwaka 2014, na Mama Shanta akasema walizitunga wawili pale barazani, Ponsian akisema uzi wa dada haukatiki, atasali nao mpaka Prudencia arudi kanisani. Prudencia alilia, akakiangalia kile kifungo, akacheka, na jioni hiyo aliongoza rozari mwenyewe, akakosea matendo mawili, wala hakuna aliyemsahihisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, mafundi wenzake wa barazani, na jumuiya, ambayo leo asubuhi ilisimama kwa heshima kumshuhudia Shangazi Shanta, ndivyo tunavyomwita sasa, akimfunga kaka yake uzi wa hamsini na sita.

Pumzika kwa amani, fundi Ponsian, huu hutauvua tena njiani, na ile rozari yenye kifungo anayo Prudencia.