Damu Ndani ya Kola

Mwenyekiti, viongozi wa umoja wetu, mafundi wenzangu. Wanaosali Ijumaa na wanaosali Jumapili nawasalimu kwa mkupuo mmoja, tusimalize muda kwenye salamu. Mwenyekiti ameniambia niongee taratibu, maana nikiwa na wasiwasi nakimbiza maneno. Nitajitahidi. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu jambo lililonipata lilianzia kwenye cherehani, na wa kulielewa vizuri ni nyie.

Mimi nashona nguo za kike. Nilikuwa barazani pale Kariakoo, mafundi wanne, mbele ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Wengi mnanijua. Leo sitataja jina la mtu yeyote, na hata langu mkilisahau kwa nusu saa mtakuwa mmenisaidia.

Siku moja mama mmoja wa Ilala aliniletea kitenge yadi sita. Rangi ya kahawia, kina miavuli ya njano. Mtoto wake alikitoa Kongo, na mjini hapa hakikuwepo kingine kama kile. Alitaka gauni na kilemba. Nikashona gauni. Alipokuja kuchukua nikamwambia, mama, kitambaa kilirudi nilipokilowesha, kikapungua, kilemba hakikutosha. Akanitazama vizuri, akachukua gauni lake, akaondoka. Yadi moja na nusu ilikuwa imekunjwa chini ya cherehani yangu.

Naona mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja amwangalie jirani yake.

Pale barazani kulikuwa na dada aliyekuwa anatuletea chai na chapati kila asubuhi. Alikuwa wa kwetu kusini, amepanga chumba Buguruni. Kuna kipindi niliugua malaria nikalala wiki nzima, na yule dada akawa anapitisha uji nyumbani kwangu, anamkabidhi mke wangu, anaondoka. Hakuna aliyemtuma. Nilipopona nilitaka kumshukuru, na nilichokuwa nacho mkononi ni kile kitenge cha mama wa Ilala. Ukarimu wa mali ya mtu ni mwepisi sana, ndugu zangu. Nikamkatia blauzi yenye kola.

Nikiwa kwenye kola, mtu akaniita kutoka barabarani. Nikageuka huku mguu uko kwenye pedali. Sindano ikapita kidole hiki cha shahada, ikatokea upande wa pili. Mnaonyesha vidole, najua, hakuna fundi hapa ambaye haijamkuta. Nikachomoa, nikanyonya damu, nikaendelea. Tone moja lilikuwa limedondokea kile kitambaa kigumu tunachoweka katikati ya kola. Nililiona. Nikasema si litafunikwa? Nikaigeuza kola, nikaipigia mshono wa juu. Kwa nje ilitokeza nukta kama punje ya mtama, ikapotea kwenye ile kahawia.

Nilipompa nikamwambia, "Dada, hii usiivae huku Kariakoo. Vaa hukohuko kwako."

Akacheka. "Kaka, umeiba?"

"We vaa tu."

Kama miezi miwili baadaye, asubuhi moja chai haikuja. Ilipofika saa sita tukasikia. Jirani yake alimkuta chumbani, amenyongwa. Alikuwa na blauzi ile mwilini.

Nililia kama mtoto. Halafu siku ya tatu wakaja askari kanzu wawili barazani. Jirani wa marehemu alikuwa amewaambia kwamba ile blauzi marehemu alipewa na fundi mmoja wa Kariakoo, na huyo fundi alimkataza kuivaa huku. Hebu sikieni lilivyo likitoka mdomoni mwa mtu mwingine. Mwanaume anampa mwanamke nguo, anamwambia asionekane nayo. Hata mimi ningemtafuta huyo mwanaume.

Askari akatoa simu, akanionyesha picha ya blauzi. "Mzee, unaijua hii?"

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Hatua mbili kutoka tulipo, kwenye benchi la wateja, alikuwa amekaa yule mama wa Ilala mwenye kitenge. Amekuja kupunguziwa mikono ya gauni jingine. Nikaona nikisema naijua, nitaulizwa kitambaa nilikitoa wapi. Mama atanyanyuka aangalie picha. Na mama yule akishajua jambo, hadi jioni Ilala yote inalijua. Niliogopa kupoteza wateja. Nikamrudishia askari simu yake nikasema, "Siijui. Sijawahi kuiona."

Maneno machache tu hayo. Mbele yao nikabaki nimesimama na tepu shingoni.

Wakatuchukua vipimo mafundi wote wanne. Ni kijiti chenye pamba, wanakipitisha ndani ya shavu, basi. Nilifungua mdomo bila hofu yoyote, kwa kuwa sikuua. Kidole nilishakisahau, kilipona zamani.

Majibu yalipotoka wakanifuata mimi. Mpelelezi akaniambia kwenye kola ya marehemu kuna damu, na vinasaba, yaani hiyo DNA mnayoisikia, ni vya kwangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nguo hujawahi kuiona. Damu yako imeingiaje?" Mara moja nikakumbuka kidole. Hapo ningeweza kusema. Lakini nilishasema siijui, nikaona nikibadilisha nitaonekana mwongo. Kwa hiyo nikaendelea kuwa mwongo. Nikadai wamechanganya damu za watu.

Nikashtakiwa kwa kuua. Kesi ya mauaji haina dhamana. Usiku ule wa kifo nilikuwa nimelala nyumbani, na shahidi wangu ni mke wangu tu, na mke ni mke. Nikakaa mahabusu zaidi ya miaka miwili. Sitawasimulia mahabusu, wengine hapa mmepita mnajua. Nitasema jambo moja tu. Mke wangu alikuja akaniuliza, "Yule dada alikuwa nani kwako?" Nikamwambia hakuwa kitu. Akasema, "Alikuwa analeta uji, nampokea mimi. Usinifanye mjinga." Akaondoka, na siku iliyofuata ya kutembelea mahabusu hakuja.

Mahakama ikanipangia wakili, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa. Kila akija ananiamkia shikamoo. Naye nikamdanganya, mara mbili, tatu. Siku moja akafunga faili lake akasema, "Baba, shikamoo yangu naomba uiweke pembeni kidogo. Hili kosa likithibitika adhabu yake ni moja, kunyongwa. Mtaalamu wa maabara anakuja kusema damu ni yako, na mimi namwamini. Kama kuna kitu unakionea aibu, iweke hiyo aibu huku na kamba kule, uniambie kipi kizito."

Nikamwambia yote. Kitenge, kilemba, uji, kidole, benchi. Niliogopa zaidi kusema nimeiba kitambaa kuliko nilivyoogopa siku ya kusomewa shtaka la kuua. Ndugu zangu, nawaambia, aibu haina akili.

Binti akaweka kalamu chini. "Miaka miwili umekaa humu kwa ajili ya yadi moja na nusu?"

Nikasema ndiyo.

"Hiyo damu ilidondokea wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa ukosi wa shati langu. Akaniambia nirudie, akachora.

Akampigia mke wangu. Mke wangu akatafuta daftari langu la vipimo, akakuta ukurasa wa yule mama, yadi sita, gauni na kilemba, na namba ya simu. Akaenda hadi Ilala kwa miguu yake, akamwambia mwanamke mwenzake, "Mume wangu amekuibia, na ninakuomba uje mahakamani useme hivyo." Mama akamjibu, "Mbona nilijua? Kitenge kile nilikilowesha mwenyewe kabla sijampelekea. Nilikuwa namsubiri tu aone haya."

Sasa mahakamani. Mtaalamu wa maabara alikuwa mama mtulivu, mwenye miwani. Nilikuwa namchukia kabla hajafungua kinywa. Akaapa, akaeleza alivyopokea ile blauzi kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, alivyokata kipande cha kola, alivyolinganisha na pamba ya shavuni kwangu. Akasema damu ni ya mshtakiwa, na kwamba iwe ya mtu mwingine asiye ndugu yake, uwezekano ni mdogo mno. Ukumbi ukanigeukia. Mbele kabisa alikaa mama mzazi wa marehemu, alisafiri kutoka kusini kila kesi ilipotajwa. Yeye hakugeuka.

Wakili wangu akasimama. Alivyoanza, nilidhani amechanganyikiwa.

"Shahidi, tunakubali damu ni ya mshtakiwa. Vipimo vyako vinaweza kusema iliingia siku gani?"

"Hapana. Vinasema ni ya nani. Siku havisemi."

"Kola ina tabaka ngapi?"

Yule mtaalamu akafikiri. Akaomba apewe ile blauzi. Akavaa glovu, akaishika pale alipokuwa amekata, akaitazama kwa muda. Niliiona miavuli yangu ya njano. Yangu nini, ya mama wa watu.

"Tatu," akasema. "Ya juu, ya chini, na ngumu ya katikati."

"Doa kubwa liko tabaka lipi?"

"La katikati. La nje lina nukta ndogo tu."

"Mtu akijikata wakati wa purukushani, damu ikamwagikia kola iliyoshonwa tayari, ungetegemea doa kubwa liwe wapi?"

"Nje."

"Na hili limekaa ndani. Linaelezwaje?"

Akavua miwani. "Ningesema damu ilifika kabla kola haijafungwa. Wakati inashonwa."

"Uliandika hivyo kwenye ripoti?"

Ndugu zangu, angeweza kujitetea. Angeweza kuzunguka. Yule mama akasema, "Hapana. Niliandika damu ipo kwenye kola. Sikuulizwa tabaka, na mimi sikujiuliza. Nilipaswa kujiuliza."

Yaani mtu msomi, mbele ya jaji, mbele ya watu wote, alikiri kasoro yake kwa sentensi moja. Mimi fundi nilishindwa kukiri kitambaa kwa miaka miwili. Chuki yangu kwake iliisha palepale kizimbani.

Nilipojitetea nikasema ukweli wote. Halafu akaitwa yule mama wa Ilala. Alikuja amevaa gauni lenyewe, la miavuli. Jaji akaangalia gauni, akaangalia blauzi mezani. Wakili wangu akamuuliza kama ananifahamu.

"Namfahamu. Huyu ni mwizi wa vitambaa. Kuua, hilo mimi sijui, lakini wizi nauapia."

Watu wakacheka, jaji akagonga meza. Mimi sikucheka. Maisha yangu yote nilikimbia neno lile, na siku ile nilikuwa naomba alirudie kwa sauti.

Jaji aliposoma hukumu alisema uongo wangu ulitia shaka, lakini uongo peke yake hauui mtu, na damu ile ilikuwa imeelezeka. Akasema upande wa mashtaka haukuthibitisha pasipo kuacha shaka. Niko huru.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nilipotoka nje nikakutana uso kwa uso na mama mzazi wa marehemu, amekaa kwenye ngazi, kanga imefunika kichwa. Nikainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. Halafu, "Ile nguo ulimshonea kwa wema?"

"Kwa wema, mama. Aliniletea uji nikiumwa."

"Ndiyo alivyokuwa." Akajifuta uso. "Sasa mwanangu, ungesema siku ile ya kwanza, wangeendelea kumtafuta aliyemuua. Wamekushika wewe, wakaacha kutafuta."

Nikamwomba namba yake ya simu, akanipa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti wakili. Namshukuru mtaalamu wa maabara, aliyesema asichojua kwa unyoofu uleule aliosema anachojua. Namshukuru mke wangu, ambaye bado wakati mwingine ananiangalia kwa pembe ya jicho, na ana haki. Na namshukuru mama wa Ilala. Nimemwalika, amekaa pale nyuma karibu na mlango. Mama, asante.

Nimesikia. Anasema, na kilemba chake je.

Mama, blauzi imebaki mahakamani, ile siwezi kuirudisha. Lakini wenzangu, siku hizi mteja akija kuchukua nguo namkabidhi na mfuko wa mabaki, hata kipande cha upana wa kidole. Wengine wananishangaa, wanasema watavifanyia nini. Nawaambia wavitupe wenyewe. Nikijichoma sindano, damu ikagusa nguo, nasema, mama, hapa kuna damu yangu, samahani, nitaifua. Mkirudi vibarazani kesho, kila mmoja ainame aangalie chini ya cherehani yake. Sisemi zaidi ya hapo.

Mimi nimerudi kazini, nashona, nakula na watoto wangu. Yule mama wa kusini namjulia hali kwa simu kila mwezi. Huwa hanilaumu. Ananiuliza kitu kimoja tu, kama huku mjini kuna nililosikia. Namjibu, bado mama. Naye anasema haya, nikisikia nimwambie.