Birika Moja, Watu Watatu

Benchi la mbele ya mkahawa wa Glenda Ackroyd lina wenyewe, na mji mzima wa Thornby, kule Uingereza, unawajua. Upande wa mlangoni hukaa Wilf, wanayemwita Misumari, kwa sababu alikuwa na duka la vifaa ng'ambo ya barabara mpaka alipolifunga, na misumari aliiuza mmoja mmoja. Katikati hukaa Beryl, waliyempa jina la Gazeti, maana hakuna anayefunga duka Mtaa wa Soko yeye asijue. Pembeni ni Norris, yaani Redio, ambaye ukishamwasha asubuhi huoni pa kumzimia. Kila siku ya Mungu, mvua isipozidi, watatu hao huagiza birika moja la chai na vikombe vitatu, kisha huanza kumsaka aliyeua maduka ya mjini. Glenda huwasikia vizuri tu kutoka ndani, kwa kuwa dirisha lake la mbele halijawahi kufungika sawasawa.

Asubuhi moja aliwasikiliza kwa moyo mzito. Saa sita mchana Bwana Pickersgill, wakala wa mwenye nyumba, angekuja kuchukua moja kati ya mawili: mkataba mpya wa kupanga ukiwa na sahihi ya Glenda, au funguo. Mkataba ulikuwa kwenye droo, funguo zilikuwa mfukoni mwa aproni, na mkono wake ulikuwa unaelekea mfukoni zaidi. Watu wa benchi hakuwaambia neno. Angewaambia, wangemwanzishia matanga akiwa hai. Hakuchoshwa na kuamka alfajiri kukanda unga. Alichoshwa na kurudi nyumbani jioni na pai aliyoioka mwenyewe, akaila mwenyewe mbele ya televisheni, akajisifia mwenyewe kwamba leo imetoka vizuri. Leo alikuwa ameoka moja tu, ya jibini na vitunguu, kwa mazoea.

— Mimi nasema ni mistari ya njano, alianza Misumari. Halmashauri imeichora barabara nzima. Mtu anasimamisha gari, ananunua msumari mmoja, akirudi anakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Msumari huo utampa hamu ya kurudi?

— Wilf, nani siku hizi ananunua msumari mmoja?

— Ndiyo maana nikafunga, Beryl. Unanisikiliza lakini hunisikii.

— Si mistari. Ni vinyozi, alisema Beryl. Palipokuwa na benki, kinyozi. Kwa mchinjaji, kinyozi. Kwa yule mama wa maua, kinyozi. Haya, nyinyi wanaume wa mji huu, hebu nionyesheni hizo nywele!

Redio alivua kofia, akapapasa upara wake, akairudisha.

— Mimi nimestaafu.

— Sasa wanamnyoa nani?

— Wananyoana wenyewe kwa wenyewe, alisema Misumari. Nimepita pale, nimewaona kwa macho yangu. Mmoja anakaa, mwingine ananyoa, halafu wanabadilishana.

— Afadhali vinyozi, alidakia Redio. Tatizo ni haya maduka ya hisani, yanayouza nguo watu walizozitoa sadaka. Koti hili mnaliona? Nililinunua duka la hisani. Mke wangu akaliona baya, akalipeleka duka la hisani. Nikapita, nikaliona zuri, nikalinunua. Koti moja linazunguka mji mzima! Duka la nguo mpya litapona wapi?

— Mara ya tatu alipolitoa, aliniambia nisikwambie, alisema Beryl.

Misumari aliinua kifuniko cha birika, akachungulia, akagonga dirisha kwa kijiko.

— Glenda, mwanangu! Tuongezee maji ya moto kidogo.

Hiyo ndiyo sheria ya Thornby tangu enzi za mama yake Glenda. Ukishanunua birika, maji ya kuongezea hayalipiwi, na mwenye mkahawa atakayenung'unika atasemwa mpaka kaburini. Glenda alitoka na kumimina. Majani yalikuwa yaleyale ya asubuhi. Chai ilikuwa imebaki jina, na rangi yake ungeweza kuipata kwenye dirisha chafu. Beryl alifungua mkoba, akatoa biskuti za nyumbani kwake zilizofungwa kwenye karatasi ya jikoni, akagawa.

— Ubarikiwe, Glenda, alisema. Sijui tungekuwa wapi bila wewe.

Glenda alitabasamu, akarudi ndani, akazipapasa funguo mfukoni.

— Kilichoniumiza mimi ni Simba Mwekundu, aliendelea Misumari huku akitafuna. Baa walimokunywa babu zetu, imegeuzwa vyumba vya kupanga! Nililia siku ile, nawaambieni ukweli.

— Kwani ulikuwa unaingia? aliuliza Beryl.

— Niliingia siku hiyo ya mwisho. Kupiga picha.

— Hata mimi, alisema Redio. Palijaa! Sijawahi kuona watu wengi vile pale.

— Na waliohamia humo ni watu wa simu, alisema Beryl. Wanabonyeza, chakula kinapanda ngazi kuwafuata. Hao huwaoni mtaani mpaka siku ya kiyama. Lakini niwaambie siri? Si simu iliyoua maduka. Ni urefu.

— Urefu wa nini?

— Wa watu! Watoto wa siku hizi wanalishwa sana. Milango ya mtaa huu ilijengwa kwa watu wafupi. Mjukuu wangu alikwenda kununua viatu, akajigonga paji la uso, hajarudi tena. Kule kwenye duka kubwa nje ya mji, mlango ni wa kupita twiga. Angalieni wanaorudi kwenye haya maduka yetu. Wote wafupi!

Misumari, ambaye hata akisimama hamfikii Glenda begani, alikohoa.

— Beryl, hapo umevuka mpaka.

— Nasema ninachokiona, Wilf.

— Mmekaribia wote wawili, ila hamjafika, alisema Redio, akashusha sauti na kutazama paa la mkahawa, ambako shakwe mmoja mnene, ndege wa baharini, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Huyo hapo. Msimwangalie.

— Shakwe?

— Mtu akila chipsi Mtaa huu wa Soko, ananyang'anywa. Sivyo? Akila chipsi kwenye maegesho ya lile duka kubwa, shakwe wanamwangalia kwa adabu. Kwa nini?

— Kwa nini?

— Wanalishwa! Jioni, nyuma ya duka, makombo ya mkate bure. Kwa sharti kwamba asubuhi waje kazini huku. Wana zamu. Huyu ni wa zamu ya asubuhi.

Wote watatu walimtazama shakwe. Shakwe naye akawatazama, na kwa kweli alionekana ana mengi anayoyajua. Ndani, Glenda alijikuta anacheka peke yake na kitambaa mdomoni. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita, na aliona kwamba hawa atawakumbuka kuliko mkahawa wenyewe.

Hapo ndipo alipotokea msichana mmoja, nywele zimefungwa kitambaa, mikono ina madoa ya rangi ya ukuta. Alisimama mbele ya benchi.

— Habari zenu. Naitwa Tamsin, tumehamia Simba Mwekundu juzi. Majiko yetu bado hayajaunganishwa, na chakula cha kuletewa kinafika kimepoa. Wenzangu wamenituma nitafute. Hapa kizuri ni nini?

— Hapa? alisema Misumari. Hapa kila kitu ni kizuri.

— Kama nini?

Glenda alisimama katikati ya mkahawa, birika la maji mkononi. Alitaka jibu hilo kuliko msichana mwenyewe alivyolitaka.

— Kama... Beryl, mwambie.

— Mimi tumbo langu halipendi vitu vya kuoka, alisema Beryl, akiusukuma mkoba wenye biskuti chini ya benchi. Norris ndiye anayekaa karibu na harufu.

— Harufu ni nzuri, alikubali Redio. Harufu naijua vizuri.

— Lakini ladha?

Shakwe alibadilisha mguu. Misumari aliangalia kikombe chake, na Tamsin naye akakichungulia.

— Hiyo ni chai?

— Ilikuwa chai.

— Mnakaa hapa mara kwa mara?

— Kila siku!

— Basi lazima kuna kitu mnachokipenda.

Misumari alikuwa mtu mkweli, hata kwa wateja wa msumari mmoja.

— Maji ya moto, alisema hatimaye. Maji ya moto ya hapa, mwanangu, ni ya moto kwelikweli.

Glenda aliweka birika chini. Hakujua acheke au alie. Alikata kipande cha pai, akatoka nacho kwenye kisahani, akampa msichana. Tamsin alikula akiwa amesimama. Alifumba macho. Alipoyafumbua, mdomo ulikuwa bado umejaa.

— Imekuwaje watu wa hapa hawajaniambia kuhusu hii?

Tamsin alilipa, akaichukua pai yote iliyobaki kwa ajili ya wenzake, akaondoka mbio kabla haijapoa. Harufu ya jibini ilipita puani mwa watu watatu, mmoja baada ya mwingine, ikapotelea konani.

— Glenda, alisema Misumari kwa sauti ya chini. Hebu na sisi tukatie kidogo. Kwa uchunguzi tu.

— Imeisha.

— Imeisha?

— Yote. Kesho njooni mapema, kabla watu wa Simba Mwekundu hawajashuka.

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, kesho, wala hakulirudisha. Furaha ilimjaa ghafla, hata ikamtia aibu kidogo. Aliingia ndani, akavuta droo, akaanza kutafuta kalamu.

Nje, mtu mrefu mwenye suti na mkoba wa ngozi alikuwa amefika mlangoni. Aliinama ili asijigonge, akashika kitasa.

— Umeona urefu huo! alinong'ona Beryl.

Misumari alikuwa ameshainuka, na mkono wake mfupi ulikuwa umeuziba mlango.

— Samahani, bwana. Pai imekwisha.

— Sikuja kwa pai, alisema Bwana Pickersgill.

— Wote mnasema hivyo, alisema Misumari. Ya kesho ina foleni, na foleni inaanzia nyuma ya Norris.

Bwana Pickersgill alikiachia kitasa. Alikuwa Mwingereza, na Mwingereza haruki foleni. Akaenda kusimama nyuma ya Norris. Ndani, Glenda alitia sahihi mkataba huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, hata jina lake likatoka limepinda.