Wasifu wa Mama Vibanio, Dobi Aliyejifunza Kijerumani Ukubwani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wa zamani, jina lake kamili mmeliona kwenye jalada la karatasi mliyoshika. Humu ndani ataitwa Mama Vibanio, maana ndivyo kila mtu alivyomwita, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina la kitambulisho alikuwa anageuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Mama Vibanio alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ambako baba yake alikuwa mchomeleaji. Mdogo wake anayemfuata ndiye aliyeandika wasifu huu, na anaomba radhi mapema. Dada yake hakupenda kusifiwa uongo, kwa hiyo hapa hasifiwi uongo. Alikuwa mkaidi. Akishaamua jambo, mmeshachelewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza darasa la saba mwaka 1974. Alifaulu vizuri sana, lakini mwaka ule mama yao aliugua, na mtoto wa kwanza akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Hakulalamika mbele ya mtu. Madaftari yake aliyatunza kwenye sanduku miaka mingi, mpaka siku panya walipoyamaliza, na siku hiyo alilia, mtu mzima na watoto wake.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo hospitalini, akadumu humo miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu Machi 2016. Mashuka ya wodi yalikuwa na kapu lake, nguo za chumba cha upasuaji kapu lake, za watoto wachanga kapu lake, na ole wako uchanganye. Mfuko wa aproni yake ulijaa vibanio vya kuanikia, na jina likamkaa. Muuguzi mkuu alizoea kusema, "Daktari asipofika tutahangaika. Mama Vibanio asipofika tufunge milango."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985 na fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba la chumba hicho cha kufulia, kisha akarudi mara nne kwa bomba lile lile. "Huyu ama hajui kazi, ama ana lake jambo," alimwambia mdogo wake. Kumbe alikuwa na lake jambo. Walijaliwa watoto watatu. Mume wake alifariki tarehe 22 Agosti 2009, kitinda mimba wao akiwa na miaka kumi na mmoja.

Huyu kitinda mimba tukae naye kidogo. Ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Maneno anayo yote, ila yanatoka kwa wakati wake. Na shida kubwa haikuwa kigugumizi, ilikuwa watu. Binti akikwama kidogo tu, mtu anamdakia neno na kulimalizia, tena analimalizia vibaya, na akishadakiwa ndiyo basi, hafungui tena kinywa. Alitamani uuguzi. Chuo cha kwanza kilichomwita kwenye usaili, mwenyekiti alimuuliza, "Sasa binti, mgonjwa atakusubiri mpaka lini?" Alirudi nyumbani akajifungia chumbani siku mbili. Mama yake aliweka kigoda nje ya mlango, akakaa pale.

Mwaka 2020 binti alisikia habari za mafunzo ya uuguzi huko Ujerumani. Sharti lilikuwa kufaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya kati, wenye sehemu nne. Ya mwisho ni ya kuzungumza, ambapo watahiniwa wawili hukaa meza moja, wakapanga jambo pamoja huku watahini wanasikiliza. Mama Vibanio aliposikia "wawili" aliuliza mara mbili kuhakikisha. Hesabu yake ilikuwa fupi. Huyo wa pili akiwa mtu baki, atamdakia mwanangu maneno. Basi wa pili nitakuwa mimi.

"Dada, una miaka hamsini na tisa," mdogo wake alimkumbusha.

"Kwani nimeulizwa umri au nimeulizwa Kijerumani?"

Akaanza, akajiandikisha darasa moja na binti. Aliweka kamusi mbili kwenye simu, moja ya Kijerumani kwa Kiingereza na nyingine ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuokoteza. Kila neno alilitafuta mara mbili ndipo alipate. Alipoambiwa kwamba majina ya vitu katika Kijerumani yamegawanyika mafungu matatu, wengine darasani waliguna. Yeye alicheka, akasema hiyo ni kazi ya makapu matatu, ameifanya tangu ujana. Alifunga kamba tatu sebuleni, akabana maneno juu yake kwenye vipande vya karatasi, na wageni wakawa wanaingia wameinama. Kwenye kamusi kulikuwa na kitufe cha sauti, ukibonyeza mwanamke analitamka neno. Huyo alimwita shoga yake. "Shoga, rudia. Taratibu basi, unakimbilia wapi?" Siku moja alikibonyeza kwa bahati mbaya katika foleni ya zahanati, sauti ikiwa juu kabisa, na watu wote wakafundishwa neno la kitunguu. Wengine wangezima simu. Yeye alibonyeza tena, akarudia naye.

Kila jioni mama na binti walikaa mezani kufanya mazoezi. Binti akikwama, mama aliweka mikono juu ya meza akatulia. Muda ulipita, neno likatoka, wakaendelea. Mbinu yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Jumamosi tarehe 18 Juni 2022 waliingia mtihanini wote wawili. Mchana msimamizi akabandika mlangoni karatasi ya jozi za kuzungumza. Binti alipangwa na dereva wa malori wasiyemjua. Mama alipangwa na mpishi wa hoteli. Jamani! Miaka miwili ya kamba na vibanio, na katika nyumba nzima hakuna aliyekuwa ameuliza jozi zinapangwaje. Msimamizi aliombwa abadilishe, akasema kwa upole kwamba kura imeshapigwa. Mama Vibanio alikaa kwenye benchi, na binti yake anasema hakuwa amemwona na uso ule tangu msiba wa baba. Kisha akainuka, akamfuata yule dereva.

"Mwanangu, yule pale ni binti yangu. Ana kigugumizi. Akikwama usimmalizie. Kaa tu, umsubiri."

Dereva alimtazama. "Mama, na mimi nataka kufaulu. Muda ukiisha je?"

"Unaweza kuisha kweli, sikudanganyi. Nakuomba hivyo hivyo."

Binti alikwama mara tatu. Dereva alikunja mikono akasubiri mara zote tatu, na mara ya mwisho mtahini mmoja alitazama saa. Wote wawili walifaulu, na dereva huyo yuko nasi hapa leo, ahsante sana kaka. Mama Vibanio mwenyewe alipita sehemu tatu, akaanguka ya kuandika. Ya kusikiliza alimshinda binti yake, na alitamba mwaka mzima.

Binti aliondoka tarehe 5 Februari 2023. Mama alitabasamu mpaka alipotoweka nyuma ya vioo vya uwanja wa ndege, halafu akamwegemea mdogo wake akalia. "Nimejifunza lugha ya watu ili nimfukuze mwanangu nyumbani," alisema. Lakini hakuruhusu mtu amwite arudi.

Machi 2024 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Kwenye simu alimficha binti miezi mitano, akikata sentensi na kusingizia mtandao. Mdogo wake alimgombeza vikali kwa hilo, na leo roho inamuuma, ingawa angemgombeza tena. Binti alifika tarehe 5 Oktoba, wakawa pamoja wodini siku tatu. Mama Vibanio alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa amelala kwenye mashuka yaliyofuliwa na madobi aliowafundisha mwenyewe.

Ameacha wadogo watatu, wajukuu watano na watoto watatu, mwalimu, fundi umeme, na kitinda mimba ambaye anamaliza mafunzo ya uuguzi mwaka 2026.

Jana kikao cha familia kilimpanga mjomba asome wasifu huu, kumwondolea binti mzigo. Binti alikataa. "Nitasoma mimi," alisema, na ilichukua muda kulisema. Kwa hiyo mnayemsikiliza hapa mbele ndiye yeye. Bila shaka amekwama njiani mara kadhaa. Ikiwa mmefika naye mpaka mstari huu bila mtu kumdakia neno, basi mama yake anaweza kupumzika kwa amani.