Mashine Iliyofundishwa Kungoja

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, hata na mtu aliyewahi kusimama hapa mbele akamsifu kwa uongo. Mtu huyo ni mimi.

Mnakumbuka moyo wangu ulivyokuwa ukisimama ghafla, nikaanguka sokoni. Mlifanya harambee, nikapelekwa Nairobi, nikawekewa mashine ndogo chini ya ngozi ya kifua ili iusukume moyo upige. Niliporudi nilishuhudia kwamba nimepona. Ni kweli sikuanguka tena. Lakini miezi ilivyopita, miguu ilivimba na pumzi ikapungua. Niliona aibu kusema, nikaendelea kushuhudia hapa kwamba nimepona. Ningewaambiaje kwamba zawadi yenu inanichosha?

Kisha Baba Nyambura, mume wangu, akafariki. Kaburi lilichimbwa chini kwenye shamba letu la kahawa, na nyote mliona sikufika. Nilibaki kwenye kiti juu ya mteremko, mkadhani ni uchungu. Ilikuwa pumzi. Mume wangu alizikwa bila mimi kumtupia hata udongo.

Ndipo nikaenda hospitali Nyeri, kwa daktari mmoja mwanamke, mzaliwa wa Busia. Alinishika mkono kabla hajashika karatasi. Nikamwambia yote. Akaweka kifaa cha kupimia mashine juu ya kifua changu, akasoma kwenye skrini kwa muda mrefu.

"Mama, hii mashine inapiga chumba cha chini cha moyo karibu kila mara. Na moyo wako unaweza kujipigia. Ni vile haupewi nafasi."

"Ati inajibu kabla moyo haujaongea?"

"Hivyo tu."

"Basi ni kama shemeji yangu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza kwamba kusukumwa hivyo bila haja kunaweza kuudhoofisha moyo. Hakuitoa mashine, wala hakunipasua. Aliipanga upya ingoje kidogo, isukume tu moyo ukikawia.

"Wengine wanaihitaji kila pigo," akaniambia. "Usiende kutangaza ati mashine ni mbaya."

Sitangazi hivyo. Namshukuru Mungu kwa mashine, na zaidi kwa mwanamke aliyejua ni wakati gani inyamaze.

Uvimbe ulipungua polepole. Jumatano iliyopita niliteremka kwenye kahawa peke yangu. Nilipumzika mara mbili, nikafika. Nikachukua udongo kiganjani, nikamtupia Baba Nyambura. Halafu nikapanda tena.

Ndugu zangu, aliyeshukuru kisha akaendelea kuumwa, aseme. Mtumainieni Mungu hata kwa mambo mnayoyaonea aibu. Mimi yangu nimeyasema, na kama mmeona, sijaomba kiti.